Kinanasa Kimoja Tu

Anayekugawia piano ya zamani hana maneno mengi. Ana sentensi moja, ameshaikariri, na huitamka huku akigeuka kwenda zake: "Nzima kabisa hii, ni kibonyezo kimoja tu kinanasa." Mimi niliambiwa hivyo na msimamizi wa shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga, siku walipokuwa wakihamisha samani kwenye nyumba iliyojengwa enzi za Mwingereza. Kabati lilichukuliwa na karani, feni akaondoka nayo mlinzi, piano ikabaki barazani kwa sababu kila aliyejaribu kuinua pembe moja alikumbuka kuna mahali anasubiriwa. Kwaya yetu wakati huo ilikuwa inatafutiwa sauti kwa filimbi ya plastiki. Nikasema nitaichukua.

Kimoja tu. Laiti angesema vitano, ningeshtuka na kuuliza maswali. Lakini kimoja kina unyenyekevu fulani. Kinamfanya mtu aone aibu kukataa. Hakutaja kwamba hicho kimoja ni do ya katikati, ile ambayo ni wimbo wa nadra unaoweza kuikwepa.

Kazi ya kuipakia kwenye Fuso siielezi, waliohusika bado hawajanisamehe. Inatosha kusema kwamba ndani ya piano kuna fremu ya chuma inayoshikilia nyuzi zaidi ya mia mbili, na nguvu ya kuvutana kwa nyuzi hizo huhesabiwa kwa tani. Ukiinua piano unainua ugomvi wa chuma na chuma ulioanza kabla babu yako hajaoa.

Kwenye kifuniko palikuwa na jina la kiwanda kwa maandishi ya dhahabu, ila chumvi ya bahari na matambara ya kufutia vumbi vimelila lote, likabaki neno London. Si kitambulisho kikubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo la Camden Town peke yake lilikuwa limejaa viwanda vya piano, na vingi vilitengeneza kitu kilekile kwa ajili ya sebule ileile: sebule yenye moto wa makaa, mapazia mazito, na binti anayejifunza nyimbo za kanisani. Walikuwepo watengenezaji waliounda piano maalumu kwa nchi za joto, wakikaza kwa skrubu na pini za shaba pale ambapo za kawaida hubandikwa kwa gundi. Yangu si mojawapo. Yangu iliundwa kwa gundi tupu, ikaletwa mahali ambapo wakati wa masika hata chumvi ya mezani haikubali kutoka kichupani.

Tatizo la kwanza, hata hivyo, halikuwa la piano. Mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayeiamini simu yake kuliko wazee, alisoma kwamba piano ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Akahesabu vya kwetu. Akarudia. "Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "vipo 85. Wametuibia vitatu." Nilimweleza kwamba piano nyingi za zamani za Waingereza ziliishia kwenye la ya juu, hazikufika do, na kwamba vyeupe 50 na vyeusi 35 ni hesabu yake halali. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akaenda kupima upande wa kulia kwa futikamba, kwa hoja kwamba palipoibiwa hubaki nafasi.

Mke wangu naye alikuwa na simu yake. Yeye alikuwa amesoma kwamba mwaka 2016, huko Shropshire, Uingereza, fundi aliyeitwa kusawazisha sauti ya piano ya Broadwood ya mwaka 1906 alikuta chini ya vibonyezo vijifuko vyenye sarafu za dhahabu 913, na hadi leo mwenye kuzificha hajajulikana. Habari hii ni ya kweli kabisa, na imevuruga ndoa za watu wenye piano dunia nzima. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kufungua chochote bila yeye kuwapo na tochi. Tulipong'oa vibonyezo vyote, chini tulikuta senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, pini ya nywele, kipande cha penseli, mwiba wa samaki ambao hakuna aliyeweza kuutolea maelezo, na kiota cha panya. Kiota kilikuwa kizuri. Kilifumwa kwa sufu nyekundu na kijani, sufu ileile iliyotandikwa na kiwanda chini ya vibonyezo ili visigonge mbao. Panya yule alikuwa na uwezo wa kuchagua rangi. Mke wangu aliipindua ile senti kumi mara mbili, akaniangalia kwa jicho la mtu aliyeolewa katika ukoo usio na bahati, akazima tochi.

Sasa tuje kwenye kunasa kwenyewe. Kile unachokiona mbele ya piano, kile kipande cheupe unachokibonyeza, ni ncha tu. Nyuma yake kuna ubao mrefu wa msonobari unaoingia ndani gizani, na ubao huo hucheza juu ya pini mbili za chuma: moja katikati, unakopimwa uzito, na nyingine mbele, ya kuuzuia usiyumbe. Matundu ya pini hizo yametandikwa ndani kitambaa cha sufu ili zisipige kelele. Hewa ya unyevu ikija, ubao unavimba, kitambaa kinavimba, na pini inaota kutu. Vitatu hivyo vinakumbatiana, na hapo kibonyezo kikishuka hakipandi. Dawa yake ni ndogo mno: unabana kitambaa kidogo kwa koleo lenye midomo laini, unasugua pini, basi.

Tanga sikupata fundi wa piano. Lakini mafundi wapo. Wa kwanza kufika alikuwa fundi seremala, mtu bingwa kweli, milango yake imesimama wima mtaani miaka nenda rudi. Kwa bahati mbaya, maarifa yake yote yanatokana na milango, na mlango ukinasa unapigwa randa. Aliichukua do ya katikati akaipiga randa ubavuni, taratibu, kwa upendo, akiisifu mbao. Ilipumua. Ilipumua kupita kiasi: ikawa inalala kushoto, ikiegemea noti ya si, na ukibonyeza moja zinashuka mbili. Fundi alitazama, akakuna kidevu, akasema basi tuipige randa na si. Niliona mbele yangu safari nzima kuanzia do hadi mwisho wa kushoto, randa kwa randa, mpaka tubaki na vijiti vya kuchokolea meno. Nikamwita akanywe chai.

Kisha akaja Shangazi kutoka Pangani.

Shangazi ni mtu msafi. Nasema hivi bila kejeli. Sufuria zake unaweza kujinyolea ndevu. Alikuja kutusalimu, akakuta vibonyezo vyote 85 vimepangwa sakafuni sebuleni kwa mpangilio wao, vikiwa na vumbi la miongo na alama za vidole vya mameneja wa mkonge waliokwisha kufa. Mimi nilikuwa kazini. Mke wangu alikuwa sokoni. Mpwa wangu alikuwapo, lakini huyo alikuwa kwenye simu yake, na anasema aliposikia maji yanamiminwa alidhani ni nguo. Niliporudi nilikuta beseni mbili zenye maji ya sabuni, Shangazi amekunja kanga kiunoni, na uani, juu ya jamvi, vibonyezo vimeanikwa juani safu kwa safu kama dagaa wa Kigoma, vyeupe kwa vyeupe, vyeusi kwa vyeusi. "Mwanangu," akaniambia, "mlikuwa mnakaaje na uchafu huu?"

Hapo inabidi nieleze mambo mawili kuhusu gundi na namba.

Gundi ya piano za zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Inashika vizuri sana, wengine wanasema kuliko zetu za leo, ila ina masharti: ikiloa, inarudi kuwa supu. Vile vipande vyembamba vyeupe vilivyobandikwa juu ya mbao vilikuwa vimeachia kimoja baada ya kingine, vinaelea kwenye beseni. Vitambaa vya sufu vilivyokuwa ndani ya matundu navyo vilikuwa vimetoka, vimejikusanya chini, na Shangazi alikuwa ameviona akadhani ni taka, akavimwaga chini ya mpapai.

Namba nazo. Kiwanda hugonga namba juu ya kila ubao kwa muhuri wa chuma, kuanzia 1 kushoto kwenda kulia, kwa sababu hakuna kibonyezo kinachoweza kukaa mahali pa mwenzake. Lakini alama iliyogongwa kwenye mbao laini ni shimo tu, na mbao ikinywa maji shimo huinuka na kujifunika. Seremala yeyote anajua hilo. Ndiyo maana hupitisha kitambaa kibichi na pasi ya moto mahali nyundo ilipoteleza. Namba nyingi zilikuwa zimezikwa. Zilizobaki zilisomeka nusu: tatu ambayo huenda ni nane, saba ambayo huenda ni moja iliyochoka.

Mpwa wangu aliona hii ni nafasi ya kujirekebishia jina. Alisema vibonyezo vyeupe vina maumbo saba tu, kulingana na vinavyokatwa kuvipisha vyeusi, kwa hiyo tukivigawa mafungu saba, do kwa do, re kwa re, tutakuwa tumemaliza nusu ya kazi. Alikuwa sahihi, na nusu ile ilikuwa rahisi. Tatizo ni kwamba sasa tulikuwa na fungu la re saba zinazofanana uso, kila moja na upinde wake wa siri upande wa nyuma. Ndani ya piano fremu ya chuma ina nguzo zake, vinyundo huzikwepa nguzo hizo, na mbao zilizo karibu hupindishwa kidogo kuvifuata. Re ya bezi ukiiweka juu, inakaa vizuri mbele, inakutabasamia, kisha huko nyuma inamgonga jirani. Tulijaribu kwa macho, kwa rula, kwa kura. Mke wangu alipendekeza tuzipige kwa mpangilio wowote na kwaya ijifunze upya.

Aliyetuokoa ni fundi seremala. Alikuwa amepita kudai pesa ya randa, akasimama mlangoni, akazitazama zile mbao muda mrefu bila kusema. Kisha akachuchumaa, akachukua mbili, akazisogeza ubavu kwa ubavu, akatikisa kichwa, akabadilisha moja. "Hizi zimekatwa kwenye ubao mmoja," alisema. "Fuata nyuzi za mti." Na ni kweli: watengenezaji huunganisha ubao mmoja mpana wa vibonyezo vyote, wakachora, ndipo wakaupasua kimoja kimoja. Mistari ya umri wa ule msonobari iliyokatizwa na msumeno kwenye kibonyezo kimoja huendelea kwa jirani yake. Alizipanga zote jioni ile, akipiga mluzi, na mistari ya kahawia ikapokezana jirani kwa jirani kutoka ukutani hadi mlangoni, isipokuwa mahali pamoja katikati, palipopitiwa na randa. Pale hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Nilimlipa.

Wakati huohuo vile vipande vyeupe vilikuwa bado juani, na jamvi linaonekana kutoka njiani. Alipita jirani yetu, mstaafu wa idara ya wanyamapori, mzee wa shikamoo ndefu. Hakusubiri tumwamkie. "Hizo," akauliza, "ni pembe za ndovu?"

Swali halikuwa la kijinga. Piano na pwani hii zina udugu wa zamani ambao mabinti wa sebule za London hawakuambiwa. Katika karne ya 19 pembe zilibebwa na wapagazi kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na kutoka hapo nyingi zikapakiwa melini hadi jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton, ambako kazi kubwa ilikuwa kuzikatakata kuwa vipande vya vibonyezo. Walivipanga vipande hivyo kwenye nyumba za vioo ili jua livifanye vyeupe. Kwa hiyo Shangazi, kwa kuvianika, alikuwa akifuata utaratibu wa kiwanda bila kusoma popote. Lakini tangu mwaka 1989 mataifa yalipokubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu duniani, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hapa Tanzania, mtu hatandazi meno ya tembo uani akasema nasubiri yakauke. Mzee alitueleza maana ya nyara za serikali. Alieleza kwa utulivu, pamoja na miaka ya kifungo. Mpwa wangu alianza kuvikusanya vipande kwa haraka, na kwa namna hiyo akaonekana mhalifu hasa.

Pembe halisi utaitambua kwa mambo mawili: nyuzi nyembamba zisizolingana, na mstari mwembamba unaovuka uso wa kibonyezo, kwa kuwa kichwa na mkia wake huwa ni vipande viwili. Vyetu havikuwa na mstari. Vilikuwa na nyuzi, lakini zilizonyooka mno. Mzee hakuridhika, akasema viwanda navyo vilikuwa vijanja, vilichora nyuzi za uongo kwenye vifaa vya bandia. Akaagiza sindano na mshumaa. Sindano ya moto, alisema, haifanyi kitu kwenye pembe. Kwenye bandia inazama.

Ilizama. Ilizama, ikatoa moshi, moshi ukageuka mwali mdogo wa manjano ambao mpwa wangu aliutupia ndani ya beseni la Shangazi kwa ustadi ambao sijauona tena kwake. Ilikuwa seluloidi. John Wesley Hyatt wa Albany, New York, aliipatia hataza mwaka 1870, alipokuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe kwenye mipira ya biliadi. Ni pamba iliyotiwa tindikali, ikachanganywa na kafuri, na inashika moto kwa furaha. Tulikuwa salama mbele ya sheria, na mke wangu alipoteza kwa mara ya pili matumaini ya kuwa na kitu cha thamani ndani ya nyumba.

Ila ile kafuri. Ukiichoma seluloidi, kinachotoka ni harufu ya karafuu maiti, safi, kali, ileile. Shangazi alitoka jikoni mbio, mikono kichwani: "Nani? Nani jamani?" Jirani wa ukuta wa pili alisikia swali, hakusikia jibu. Hatukuwa tumemaliza kufungua madirisha, wanawake wawili walikuwa mlangoni wamejifunika kanga, na nyuma yao mwingine na mfuko wa mchele. Kuwaeleza kwamba aliyetoa harufu hii ni piano kulihitaji mtu mwenye ufasaha kuliko mimi. Mmoja aliuliza kama ilikuwa inaumwa muda mrefu. Waliketi hata hivyo, kwa kuwa walikuwa wameshavua viatu, na mchele haukurudi, tuliupika.

Vipande vilirudishwa kwa gundi ya mbao, vikabanwa kwa vibanio vya nguo usiku kucha. Vitambaa vya matunduni vilihitaji sufu halisi, na sufu halisi Tanga ipo mahali pamoja, kwenye mitumba. Tulinunua koti la baridi la kijivu, zito, ambalo bila shaka lilitembea kwenye theluji huko lilikotoka, tukalikata vipande vyembamba. Muuzaji alishangaa kuona tunalipima kwa kuliminya badala ya kulivaa.

Nilidhani tumefika. Lakini kibonyezo ni mlango wa nyuma tu. Kazi yenyewe hufanywa na mtambo ulio juu yake, na huo nilikuwa sijauangalia vizuri. Kazi ya mtambo huu ukiisikia unaona ni ndogo: kinyundo kipige uzi. Ugumu ni kwamba kikishapiga lazima kiachie chenyewe, hata kama kidole chako bado kimebonyeza, la sivyo kitaubana uzi na sauti itakufa palepale. Aliyelitatua hilo ni Bartolomeo Cristofori, mtunza ala za muziki za ukoo wa Medici mjini Firenze, kiasi cha mwaka 1700. Piano yake ya mwaka 1720 bado ipo kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York. Imedumu miaka yote hiyo kwa sababu ina walinzi, na Shangazi hana viza.

Piano yangu ina mtambo ambao mafundi wa Uingereza huuita tundu la ndege, na hawauiti hivyo kwa mapenzi. Vizimio, yaani vipande vya sufu vinavyonyamazisha uzi ukiinua kidole, vimewekwa juu ya vinyundo, na kila kizimio kinainuliwa na waya mrefu unaopita kwa mbele. Matokeo yake, mbele ya vinyundo kuna ukuta wa nyaya. Kila unachotaka kukigusa kiko nyuma yake, na waya ukiupinda kidogo tu, noti hiyo inalia bila kunyamaza hadi ichoke yenyewe. Mpwa wangu ana vidole vyembamba, akaingiza mkono kufuata skrubu. Mkono uliingia. Kutoka ukakataa. Alikaa pale amekumbatia piano hadi adhuhuri, tukijadiliana, na Shangazi, Mungu ampe umri, akaleta sabuni.

Vinyundo navyo vilikuwa vizito kugeuka. Kila kimoja huzunguka kwenye pini nyembamba kuliko sindano ya kushonea magunia, ndani ya kitambaa, na pini zetu zilikuwa zimeota ukoga wa kijani. Fundi baiskeli, tuliyemwita atupimie pini mpya kutoka kwenye waya zake, aliangalia mara moja akatoa kopo la mafuta ya cherehani. Kabla birika halijachemka alikuwa amepitia mtambo mzima, tone kila tundu. Jioni ile kila kitu kiliruka. Piano ilikuwa nyepesi hivi kwamba ukikohoa inaitikia. Baada ya wiki, sufu ilikuwa imeyanywa yale mafuta, imevimba, imeyavuta mavumbi yote ya barabara ya Chumbageni, na vinyundo vilisimama njiani vikitafakari.

Mafuta ni adui wa mtambo wa piano. Hilo lifahamike kwa kila mwenye kopo. Kitambaa cha mtambo husinyaa kwa spiriti iliyochanganywa na maji kidogo. Unadondosha, unasubiri ikauke, kitambaa kinanywea na pini inapata nafasi. Muuza duka la dawa aliniuliza chupa zote hizo za nini. Nikamwambia ni za piano. Akaniuzia moja. Mjomba wa mke wangu alisema gongo itafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu, na akajitolea kukaa pembeni kusimamia matumizi. Vile vilivyokwisha kunywa mafuta havikusikia spiriti wala nasaha, ikabidi kurudi kwenye koti la mitumba, safari hii mikono yake.

Zikabaki tepe. Kila kinyundo kina utepe mwembamba unaokisaidia kurudi haraka, na zetu zote 85 zilikuwa zimeoza, ukizigusa zinakuwa unga. Nilimpelekea fundi cherehani sampuli. Fundi huyu hushona sare za shule nusu ya mji, kazi yake ni safi. Nilimsisitizia urefu uwe mmoja. Alikubali. Siku ya kuchukua alinikabidhi mafungu matatu yaliyofungwa vizuri: ndogo, kati na kubwa. "Wateja wako hawawezi kuwa mwili mmoja," alinieleza. Tulizifunga zile za kati, zilipokwisha tukafunga kubwa, na kwa kuwa utepe mrefu haukivuti kinyundo, upande wa kulia wa piano yangu hupiga noti kisha huahirisha kurudi.

Sikugusa nyuzi. Piano imeshuka karibu nusu sauti chini ya inavyotakiwa, na kuzikaza nyuzi zenye kutu za umri ule ni kutafuta jicho la kioo. Kwaya imeshuka nayo. Waimbaji wa bezi wamefurahi. Wa soprano wanasema hawajawahi kuimba vizuri hivi.

Hali ilivyo leo, vibonyezo 79 vinalia, vitatu vinalia ukishavisahau, na vitatu vya juu kabisa vinatoa sauti ya mbao, jambo ambalo mpwa wangu analichukulia kama ushahidi mpya. Do ya katikati hainasi tena. Imepungua mwili, inayumba, na ukiibonyeza kwa pupa inaichukua si kwenda nayo chini, kwa hiyo tunaibonyeza kwa upande wa kulia, kwa kidole gumba. Nimeambiwa hii inaitwa mbinu.

Kama umeahidiwa piano ya bure, usiichukue kabla hujabonyeza vyote, kimoja kimoja, mbele ya anayekupa, na ukiwa umemshika mkono. Na anayetaka kuja kupiga yetu karibu sana. Aje wakati wa kaskazi, Januari au Februari, masika yakiwa bado mbali. Ila Shangazi amehamia kwetu sasa, kwa hiyo ukikuta vumbi juu ya kifuniko, usilitaje.